Dar hadi Lusaka kwa gari lako: mwongozo kamili wa kutorudishwa Tunduma

Simu hizi huingia kati ya saa nne na saa sita asubuhi. Mtu amelala Mbeya, amewahi Tunduma mpakani na Zambia, ametoa makaratasi yake dirishani, ameambiwa arudi. Mwezi uliopita nilipigiwa na watatu. Mmoja alikuwa na mke, watoto wawili na keki ya harusi ya shemeji yake kwenye buti, na Lusaka bado kilomita elfu moja.

Magari yao yalikuwa mazima. Wa kwanza kadi ya gari ilikuwa na jina la mtu aliyemuuzia. Wa pili alibadilisha injini mwaka juzi na hakwenda kuandikisha. Mwenye keki alikuwa na kadi ya njano, ila siyo ile. Makosa yote matatu yalifanyika hapa hapa Dar, na hapa hapa Dar yangerekebishika.

Mwongozo huu ni wa mtu anayekwenda na kurudi na gari dogo la binafsi. Lori la mzigo na gari la kwenda kuuza vina taratibu zao. Njia ni moja: Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, halafu upande wa Zambia Nakonde, Mpika, Kapiri Mposhi, Lusaka. Yote ni kama kilomita 1,950. Hesabu siku nne za kwenda. Anayekuambia alitumia mbili, muulize alilala wapi.

## Vya kuwa navyo mkononi

Makaratasi kwanza:

- Pasipoti ya kila aliyemo garini, mtoto wa mgongoni naye, iliyobakiza zaidi ya miezi sita. Mtanzania haombi viza kuingia Zambia.
- Kadi ya gari yenyewe, siyo kopi.
- Leseni hai ya udereva. Leseni yetu inatambulika katika nchi za SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika.
- Bima ya gari ya hapa nchini, na juu yake Kadi ya Njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika).
- Cheti cha chanjo ya homa ya manjano.
- Barua ya idhini iliyogongwa muhuri na wakili, kama gari si la kwako.
- Barua ya mzazi asiyesafiri, kama una mtoto na mzazi mmoja amebaki.
- Kopi tatu za kila kimoja, na picha zake kwenye simu.

Vya gari: pembetatu mbili (moja haitoshi ukishavuka), kizimamoto ambacho tarehe yake haijapita, vizibao viwili vinavyong'aa, kisanduku cha huduma ya kwanza, tairi la akiba lenye upepo, jeki, wili spana, kamba ya kuvutia, tochi, fyuzi na balbu za akiba, maji lita kumi. Nyuma bandika kibandiko cha EAT, ndiyo alama ya gari la Tanzania likiwa ugenini.

Pesa: shilingi za kukufikisha Tunduma, dola safi zisizochanika kwa ada za mpakani, na kwacha za njiani. Tutafika kwenye kwacha.

Halafu nunua faili la plastiki lenye mifuko ya kuonesha ndani, linapatikana duka lolote la vifaa vya ofisi Kariakoo. Faili hili lisafiri kiti cha mbele. Nimeona mtu akishusha magodoro mawili na beseni pale mpakani akitafuta kadi ya gari.

## Hatua ya 1: Linganisha kadi na gari (wiki nne kabla)

Fungua boneti. Chukua kitambaa chenye mafuta ya taa, futa sehemu ya namba ya chesisi mpaka isomeke. Mtu mwingine ashike kadi. Wewe soma tarakimu moja moja kwa sauti, yeye afuate kwa kidole. Mkimaliza, rudieni kwa namba ya injini. Kisha rangi: kama kadi inasema fedha na gari sasa ni jeusi, hapo una kazi.

Sababu ni kwamba mpakani polisi na forodha hulinganisha vitu hivyo hivyo, kwa kutafuta magari ya wizi. Ofisa hajui kwamba fundi wako wa Ilala ni mtu wa swala tano. Anachoona ni injini isiyo ya kwenye kadi.

Ukikuta tatizo, mambo ni haya:

Injini ilibadilishwa. Nenda TRA na nyaraka za ununuzi wa injini, taarifa za gari zirekebishwe. Usipange tarehe ya safari kabla kadi mpya haijatoka.

Kadi ina jina la mwenye gari wa zamani. Hamisha umiliki. Wengi hapa hutaka kuruka kwa barua ya idhini. Barua ya idhini ni ya gari la mkeo, la kaka yako, la kampuni unayofanyia kazi. Haimfai mtu aliyenunua gari miaka mitatu iliyopita kwa muuzaji ambaye simu yake haipatikani, maana ofisa akitaka kumpigia mwenye kadi, utampa namba gani?

Gari lina mkopo. Kadi halisi iko benki. Omba mapema barua ya benki inayoruhusu gari litoke nchini, pamoja na kopi ya kadi iliyothibitishwa nao.

Umefaulu pale ambapo mtu asiyekujua anaweza kushika kadi, akazunguka gari na kumaliza ukaguzi bila wewe kueleza chochote. Ukianza kueleza, hujamaliza hatua hii.

## Hatua ya 2: Kadi za njano ni mbili

Hapa tukae kidogo, kwa sababu na mimi nilianguka hapa.

Safari yangu ya kwanza, ofisa alinyoosha mkono akaniambia, "Yelo kadi." Nikampa kijitabu changu cha chanjo, kwa kujiamini kabisa. Akakifungua, akasoma, akanitazama, akaniuliza kama na gari lenyewe limechanjwa. Foleni nzima nyuma yangu ikacheka. Nilitumia siku iliyofuata yote pale nikihangaikia bima.

Ya kwanza ni ya mwili: cheti cha homa ya manjano. Kinahesabika kuanzia siku ya 10 baada ya sindano. Ukichomwa Jumatatu ukafika mpakani Ijumaa, kwa sheria bado huna chanjo, hata kama mkono unauma. Habari njema ni kwamba tangu 2016 cheti ni cha maisha. Chako cha zamani kilichoandikwa miaka 10 hakijafa. Chanja kwenye kituo cha serikali cha chanjo za wasafiri, na hakikisha jina liko kama kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Kile cha kununua bila kuchomwa achana nacho. Ni kosa, na ugonjwa wenyewe hausomi vyeti.

Ya pili ni ya gari: Kadi ya Njano ya COMESA. Hii ni bima ya watu wengine, ukimgonga mtu au gari lake nje ya nchi. Ukipata ajali Mpika, kampuni ya bima ya Zambia hushughulikia madai kule, kisha hudaiana na kampuni yako ya huku. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki kwenye mpango huu wa kadi, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba haituhusu.

Kadi hii hutolewa na kampuni iliyokukatia bima ya ndani. Huwezi kuwa nayo bila bima ya ndani, na bima ya ndani ikiisha nayo imekwisha. Ukiipata, usiikunje uweke mfukoni. Simama pale pale kaunta usome:

1. Namba ya gari na namba ya chesisi.
2. Nchi zilizoruhusiwa. Zambia iwepo, na nyingine yoyote utakayopitia.
3. Tarehe ya kuanza na kuisha. Ongeza wiki moja mbele ya siku unayotarajia kurudi, kwa ajili ya gari kuharibika au mjomba kukuzuia.

Wakala mmoja aliwahi kuniandikia chesisi iliyopungua tarakimu moja. Niligundua nikiwa Mikumi nakunywa chai, nikaegesha Iringa saa tano nzima nikisubiri nyingine. Siku hizo sikuwa nasoma pale kaunta.

Onyo: ile unayoita bima kubwa kwa kawaida haivuki mpaka. Kadi ya COMESA hulipia uliyemgonga. Gari lako likipinduka kule, gharama ni yako, isipokuwa umeiomba kampuni yako iongeze kinga ya nje ya nchi na ikakuandikia.

Mwenye kadi zote mbili aziweke mifuko tofauti ndani ya faili. Mimi nimeandika kwa kalamu ya wino mzito: MTU, na nyingine GARI. Usicheke.

## Hatua ya 3: Gari kwa fundi (wiki mbili kabla)

Wiki mbili kabla, siyo jana yake. Kifaa kipya kikiwa na kasoro huonekana ndani ya kilomita mia moja za mwanzo. Afadhali kasoro hiyo ionekane barabara ya Bagamoyo kuliko Ruaha Mbuyuni saa nane mchana.

Mwambie fundi unakokwenda, kisha msimamie kwenye breki, mfumo wa kupooza injini na matairi. Mengine ya kawaida, oili, filta, plagi, belti, anayajua.

Tairi usiliangalie meno tu. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya duara refu. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri na mpira uliozeeka, na likipata joto la Mikumi na mzigo wa familia, linapasuka. Tairi la akiba nalo lisome. Halafu lifungue na kulifunga mwenyewe mara moja nyumbani, maana kuna magari wili spana iliyokuja nayo haiingii kwenye nati.

Umefaulu ukienda Bagamoyo na kurudi, kipimo cha joto hakikusogea, na asubuhi chini ya gari pakavu.

## Hatua ya 4: Dar hadi Mbeya (siku mbili)

Toka saa kumi na moja alfajiri. Ukichelewa hadi saa moja, Kimara mpaka Kibaha itakula asubuhi yako.

Chalinze nyoosha, usiingie ya Segera. Morogoro, mzunguko wa Msamvu, nyoosha tena. Kulia ni Dodoma.

Adui wa sehemu hii ni kibao cha 50. Kila kijiji kina chake, na baada yake mara nyingi kuna trafiki wa tochi chini ya mwembe. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa, hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali inayokuja kwenye karatasi au simu. Usitoe pesa mkononi. Kosa la pili ni kivuko cha watu kwa miguu: simama kabisa, hata kama bibi yule anaonekana bado anafikiria kuvuka.

Baada ya Mikese na Morogoro inakuja Hifadhi ya Mikumi, ambayo barabara inaipasua kwa takriban kilomita 50. Matuta ni mengi, na kwenye vibao faini ya kila mnyama imeandikwa kwa dola. Pita mchana. Ukimwona nyani mmoja kavuka, wengine wanakuja. Usisimame kupiga picha wala kurusha ndizi dirishani.

Kutoka mji wa Mikumi unashuka kwenye joto la bonde la mibuyu, Ruaha Mbuyuni, ambako vitunguu vimepangwa barabarani kama viti vya harusini. Ununue ukirudi. Kisha unapanda Kitonga.

### Kitonga

Mlima huu ni kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande mwingine, na malori yanayotambaa. Hapa watu wanaharibikiwa na wanaharibu.

Kupanda: zima kiyoyozi, weka gia ndogo mapema kabla injini haijaanza kulalamika, kaa nyuma ya lori kwa umbali wa kuona matairi yake ya nyuma yote. Lori likirudi nyuma hata hatua tatu, uwe na nafasi. Usipite kwenye kona hata kama utingo anakupungia mkono. Madereva wa malori wana desturi ya kukuwashia indiketa ya kushoto kumaanisha pita, na ya kulia kumaanisha subiri. Ni desturi nzuri, lakini huenda mwenzio anakata kona tu. Amini macho yako.

Kushuka, siku ya kurudi: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Ukisikia harufu kama ya plastiki inayoungua, ni breki zako. Tafuta pa kusimama, ziache zipoe, usizimwagie maji.

Ukikuta matawi ya miti yamewekwa barabarani, kuna gari bovu mbele. Punguza hapo hapo.

Lala Iringa au Mafinga. Iringa mjini uko juu ya kilima, unapandia Ipogolo. Ukichoka kupanda, malazi yapo huku chini barabarani. Siku ya pili pita Makambako (kushoto ni Njombe), Igawa, Chimala, mpaka Uyole (kushoto ni Tukuyu na mpaka wa Malawi). Baridi ya huku inawashangaza watu wa Dar. Sweta liwe ndani ya gari, siyo ndani ya begi ndani ya buti.

Umefaulu ukilala Mbeya kabla ya giza, siku ya pili.

## Hatua ya 5: Usiku wa kuamkia mpaka

Lala Mbeya au Vwawa. Tunduma penyewe ni pa kupita: kelele, malori usiku kucha, na watu wanaojua kwamba wewe ni mgeni mwenye dola.

Usiku huo toa faili, panga kwa mpangilio wa madirisha: chanjo, pasipoti, kadi ya gari, bima, leseni. Jaza mafuta Mbeya au Tunduma. Nguo zenye madoadoa ya kijeshi ondoa kabisa kwenye mabegi, hata kaptula ya mtoto. Ni marufuku kwa raia kwetu na kwao.

Asubuhi, mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi na ule wa Senjele una sifa mbaya ya malori kukatika breki. Shuka taratibu, na macho kwenye kioo cha nyuma.

## Hatua ya 6: Kuvuka Tunduma na Nakonde

Utaanza kuona foleni ya malori kabla ya kuona mji. Foleni hiyo siyo yako. Magari madogo hupita pembeni. Uliza askari, siyo kijana anayekimbia mbele ya gari lako akipunga mikono.

Kijana huyo ni kishoka. Atakuwa na kitambulisho shingoni, atakuita "mkubwa", atasema anajuana na wote ndani. Kanuni yangu ni moja: pasipoti na kadi ya gari havitoki mkononi mwangu mpaka vifike kwa ofisa aliye nyuma ya dirisha. Kwa kibali cha gari upande wa Zambia, huwa namlipa wakala wa forodha mwenye ofisi yenye mlango na risiti. Nimejaribu kujaza mwenyewe, nimeokoa pesa kidogo na kupoteza nusu siku. Mkubaliane bei kabla hajashika kalamu.

Jambo linalowachanganya wengi: mpaka huu ni kituo cha huduma za pamoja. Anayetoka Tanzania hamalizii kazi Tunduma. Unavuka, na maofisa wa nchi zote mbili unawakuta upande wa Nakonde. Ukirudi, wote wako Tunduma. Mtu asiyejua hili husimama Tunduma akitafuta muhuri wa kutoka mpaka jua linamchoma.

Kazi zenyewe ni hizi, kwa mpangilio wake:

1. Afya. Cheti cha MTU.
2. Uhamiaji wa Tanzania, kisha wa Zambia. Sema ukweli: unakwenda wapi, kwa nani, siku ngapi. Hesabu siku walizokuandikia kabla ya kuondoka dirishani.
3. Forodha ya Tanzania. Waambie gari linatoka kwa muda na litarudi, upate karatasi inayosema hivyo. Ukiiruka hii, siku ya kurudi unaweza kuulizwa hili gari linaingia nchini kwa kodi ipi.
4. Forodha ya Zambia. Hapa unapata kibali cha muda cha kuingiza gari, na unalipa kodi ya kaboni kulingana na ukubwa wa injini.
5. Ada ya barabara kwa gari la kigeni, na ushuru wa halmashauri ya Nakonde. Risiti zote kwenye faili.
6. Bima. Kadi ya GARI.
7. Geti. Polisi watalinganisha chesisi. Kwa kuwa ulifanya Hatua ya 1, hapa utakuwa unaangalia wengine wakihangaika.

Kibali cha muda kisome kabla ya kuwasha gari: namba ya gari, chesisi, tarehe ya mwisho. Herufi za namba zetu, D na B hasa, huandikwa vibaya. Kosa likigunduliwa dirishani hurekebishwa papo hapo. Likigunduliwa na polisi wa kizuizi cha mbele, unarudi.

### Kwacha

Wabadilishaji wa mtaani Tunduma wana mabunda mkononi na Kiswahili kitamu. Mimi hubadilisha benki au kwenye duka lenye leseni, hata kama bei ni pungufu kidogo. Zambia ilifuta sifuri tatu kwenye pesa yake mwaka 2013, na Benki Kuu yake ilianza kutoa noti mpya tarehe 31 Machi 2025, za kabla yake zikipewa mwaka mmoja tu wa kutumika. Mgeni asiyezijua anaweza kupewa karatasi za kumbukumbu. Omba noti ndogo ndogo; vituo vya tozo havipendi noti kubwa.

### Saa

Zambia iko nyuma yetu saa moja. Saa tatu asubuhi ya Tunduma ni saa mbili ya Nakonde. Unaona umepata saa ya bure, lakini jioni utailipa: kule jua huzama karibu saa kumi na mbili, kwa saa yao.

Umefaulu ukivuka geti kabla ya saa tano asubuhi ya Zambia, ukiwa na kibali, risiti na pasipoti zenye mihuri miwili ya siku hiyo. Ikishafika saa saba, usianze safari ya Mpika. Lala Nakonde, au ishia Chinsali.

## Hatua ya 7: Nakonde hadi Lusaka (siku mbili)

Nakonde utaongea Kiswahili bila shida. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka, na biashara ni moja. Ukipita Isoka, Kiswahili kinaanza kukauka. Kibemba kidogo kinafungua milango: asubuhi *mwashibukeni*, kushukuru *natotela*. Polisi wa kizuizi akisikia unamsalimia kwa lugha yake, mazungumzo yanakuwa mafupi. Lusaka ni Kinyanja: *muli bwanji*.

Nakonde hadi Mpika ni kama kilomita 375. Barabara ni nyoofu, msitu huku na huku, vijiji vimeachana mbali. Unyoofu huo unalewesha. Badilishaneni usukani kila saa mbili.

Jaza mafuta Mpika hata kama tenki liko nusu. Mpika hadi Serenje ni zaidi ya kilomita 230, vituo ni haba, na ni kipande chenye sifa mbaya ya mashimo. Uliza madereva wa malori yanayotoka kule hali ya wiki hiyo; wanajua shimo kwa shimo.

Namna ya kupita: mfuate lori kwa mbali, kama mita 100, utazame matairi yake. Likihama ghafla kwenda pembeni, na wewe punguza, kuna jambo. Usimkaribie, maana utaliona shimo likishakuwa chini yako. Masika ya huko ni Novemba hadi Aprili, na dimbwi barabarani lichukulie kuwa shimo hadi uhakikishe vinginevyo. Mimi niliwahi kuliamini dimbwi moja jioni, rimu ikapinda kama kifuniko cha soda. Nililala garini nikisikiliza malori yakipita, na asubuhi vijana wa kijiji wakainyoosha rimu ile kwa nyundo na shina la mti.

Usiendeshe usiku. Malori mabovu huachwa barabarani bila taa, na baiskeli za mkaa hazina taa kabisa.

Kapiri Mposhi ndipo wengi wanakosea kona. Unafika kwenye makutano: kulia ni Ndola na Kasumbalesa, njia ya malori yanayokwenda Lubumbashi, na kwa kuwa umeyafuata malori siku mbili, mkono utataka kuyafuata tena. Lusaka ni kushoto. Kuanzia hapo magari ni mengi, na utakutana na vituo vya tozo, Manyumbi kabla ya Kabwe na Katuba ukikaribia Lusaka. Lipa kwacha, tunza risiti.

Umefaulu ukiingia Lusaka mchana wa siku ya nne. Ukikaribia saa kumi na moja jioni, foleni ya mjini itakukumbusha Ubungo.

## Kwa wanaotaka kuendelea kusini

Chirundu, mpaka wa Zimbabwe, ni kama kilomita 136 kutoka Lusaka, na mteremko wa kuingia bonde la Zambezi ni Kitonga nyingine. Nao ni mpaka wa huduma za pamoja, tangu 2009, kwa hiyo mtindo ni ule ule. Kadi ya COMESA inafanya kazi Zimbabwe kama imeandikwa humo. Botswana na Afrika Kusini hazimo kwenye mpango huo: Botswana utanunua bima mpakani, na Afrika Kusini kinga ya majeruhi hulipiwa ndani ya bei ya mafuta, lakini gari utakaloligonga halimo.

## Hatua ya 8: Kurudi

Watu hulegea hapa. Ukifika mpakani, maofisa wote wako upande wa Tunduma, na kishawishi ni kunyoosha moja kwa moja kwa uhamiaji wetu na kwenda kula. Kwanza forodha ya Zambia: rudisha kibali cha muda, uhakikishe wamekifunga kwenye mfumo wao, ubaki na kopi. Kisipofungwa, kwa kumbukumbu zao gari lako bado liko Zambia, na siku ukirudi utaambiwa ulieleze.

Kibali kikikaribia kuisha kabla hujarudi, nenda ofisi ya forodha iliyo karibu ukaombe kuongezewa kabla ya tarehe, siyo baada.

Kisha forodha yetu, na ile karatasi ya gari lililotoka kwa muda. Wakishaipokea, umemaliza. Saa ya simu itajirudisha yenyewe; ya kwenye dashibodi uisogeze mbele kabla hujapanga utafika Mbeya saa ngapi.